Shajara ya Mradi: Kurekebisha Namna Inzi wa Kuelea Anavyokaa Juu ya Maji

2 Machi: Kusudi, vifaa na namna ya kupima

Kwa msimu mzima uliopita niliamini kwamba inzi bandia wa kuelea, yaani chambo cha manyoya kinachofungwa kwenye ndoano ya kuvulia ili kifanane na mdudu, akizama mapema, dawa yake ni kumpaka mafuta zaidi, na akikataliwa na samaki aitwaye trauti, dawa yake ni kubadilisha rangi. Imani hizo mbili zilinipotezea samaki wengi. Mara nyingi trauti alipanda hadi chini ya inzi, akasimama hapo akimtazama, kisha akarudi chini taratibu. Lakini inzi yuleyule, baada ya kurushwa kwa saa nzima na kulowa kiasi kwamba mwili wake ulikaa ndani ya maji, alimezwa bila kusita. Hilo ndilo lililonisukuma kuanza kazi hii. Nataka kujua ni sehemu gani ya inzi inayopaswa kukaa juu ya maji, ipi ikae ndani ya utando wa juu wa maji na ipi ining'inie chini yake, na nataka kuamua hayo mezani wakati wa kufunga, badala ya kuyaachia maji yaamue.

Vifaa ni vichache: tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 40, rula iliyobandikwa ubavuni, saa, koleo ndogo ya kushikia inzi, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na kioo cha kujitazamia kilicholazwa chini ya tangi ili nione upande wa chini wa inzi. Nimefunga inzi 20 kwa ndoano za namba 14, watano kwa kila mtindo. Mtindo wa kwanza ni wa kola, ambao unyoya wa shingo ya jogoo huzungushwa kwenye shina la ndoano nyuma ya kichwa, kama ilivyo kwa Adams, inzi aliyefungwa kwanza na Leonard Halladay huko Michigan mwaka 1922. Wa pili ni wa mwavuli, ambao unyoya huzungushwa kwenye mlingoti wa bawa, yaani kishina cha bawa kinachosimama wima, nyuzinyuzi zake zikalala sambamba na maji. Wa tatu una bawa la singa za kulungu. Wa nne una bawa la manyoya laini yanayozunguka tezi la mafuta la bata, ambayo wafungaji wengi huyaita CDC.

Kipimo ni kumwangusha kila inzi mara kumi kutoka kimo cha sentimita 30, kuandika alivyokaa, kumwacha aelee kwa muda, kisha kumshikilia chini ya maji kwa sekunde tano na kutazama kama atapanda tena.

5 Machi: Jioni mbili zilizopotea kwa sababu ya sabuni

Jioni ya kwanza inzi wote walizama. Hata wale wa singa za kulungu, ambao nilitarajia waelee kuliko wote, walitua vizuri, wakalegea kidogo, kisha wakashuka polepole hadi sakafu ya tangi. Nilidhani mafuta yangu yameharibika, nikafungua kichupa kipya cha jeli ya silikoni na kuwapaka upya wote 20. Jioni ya pili matokeo yakawa yaleyale, na hapo nikaanza kushuku ufungaji wangu mwenyewe, jambo lililonifanya nimfumue inzi mmoja mzima bila sababu yoyote ya maana.

Tatizo lilikuwa tangi. Kabla ya kuanza nilikuwa nimelisafisha kwa sabuni ya vyombo na kulisuuza mara moja tu. Inzi wa ndoano ya chuma haelei kama boya. Anashikiliwa na mvutano wa uso wa maji, ambao kwa maji safi ya nyuzi 25 za Selsiasi ni takriban milinyutoni 72 kwa mita. Sabuni kidogo inatosha kuushusha mvutano huo hadi chini ya nusu, na zaidi ya hapo inayawezesha maji kupenya kwenye nyuzinyuzi ambazo kwa kawaida zingeyasukuma mbali. Kwa hiyo nilikuwa nikipima sabuni, si inzi.

Nimelisuuza tangi mara tano kwa maji ya moto. Tangu leo, kila kipimo kinaanza na sindano ya kushonea: ninailaza sindano kavu juu ya kipande cha karatasi laini, ninaiweka karatasi juu ya maji, karatasi inalowa na kuzama, na sindano inabaki ikielea. Ikizama, maji yanamwagwa na tangi linasuuzwa tena. Anayetaka kurudia kazi hii asianze bila sindano hiyo. Vilevile inzi washikwe kwa koleo, kwa kuwa vidole vilivyotoka kunawa hubeba sabuni ya kutosha kuharibu kila kitu.

Gharama ya kosa hili: jioni mbili, maandishi yote ya kurasa tatu yaliyofutwa, na inzi sita waliogandamana kwa jeli nyingi hata nikalazimika kuwafunga upya.

9 Machi: Matokeo ya kwanza ya kuaminika, na ndoano zisizofanana

Katika maji safi picha ilibadilika. Inzi wa mwavuli walitua sawasawa mara 47 kati ya 50, wa singa mara 44, wa CDC mara 45. Wale wa kola walitua vizuri mara 31 tu; mara nyingine zote walilala ubavu au kukalia mkia huku kichwa kikitazama juu.

Nilipopitia maandishi nikaona kwamba waliokalia mkia walikuwa karibu kila mara inzi wawili walewale. Ufungaji wao haukuwa na kasoro niliyoweza kuiona, kwa hiyo nikawakata na kuzipima ndoano. Ndoano moja ni nyepesi mno kwa mizani yangu, hivyo nilipima 20 kwa pamoja kutoka kila pakiti, na zile za pakiti ya pili zikawa nzito kwa karibu theluthi moja. Zilikuwa na namba 14 ileile, kwa sababu namba hueleza ukubwa wa ndoano na haisemi lolote kuhusu unene wa waya wake. Hizo zilikuwa za inzi wa kuzama, na mimi nilizichanganya kwenye kisanduku kimoja miezi kadhaa iliyopita. Sasa kila pakiti inapimwa kwa mafungu ya 20 kabla ya kutumiwa, na uzito unaandikwa kwenye kifuniko.

Hata hivyo ndoano nyepesi hazikumaliza tatizo lote. Chuma kingi cha ndoano kiko kwenye mkunjo, upande wa nyuma, na kitu pekee kinachoubeba mkunjo huo ni mkia. Mikia yangu ilikuwa mifupi na imekusanyika pamoja kama brashi. Nimeirefusha hadi ilingane na shina la ndoano, nikachagua nyuzinyuzi ngumu zenye kung'aa, na kabla ya kuifunga ninaweka kivimbe kidogo cha manyoya laini mwanzoni mwa mkunjo ili nyuzinyuzi zigawanyike kulia na kushoto. Mkia uliogawanyika humsimamisha inzi kama matengo yanavyoisimamisha ngalawa. Baada ya badiliko hilo, inzi watano wa kola walitua sawasawa mara 43 kati ya 50.

14 Machi: Hesabu ndogo iliyonionyesha njia, na inzi walioharibiwa na mkasi

Kwa nini mwavuli wenye mizunguko mitatu ya unyoya uelee vizuri kuliko kola yenye mizunguko saba? Nilitafuta jibu kwa kalamu kabla ya kuendelea kukata na kufunga.

Unyuzi usiopenyeka kwa maji, ukilala juu ya utando, hushikiliwa pande zake zote mbili. Kwa milinyutoni 72 kwa mita, sentimita moja ya unyuzi uliolala inaweza, kwa kiwango cha juu kabisa cha nadharia, kubeba karibu gramu 0.15. Unyuzi uliosimama na kugusa maji kwa ncha hushikiliwa kuzunguka unene wake tu. Nikichukulia kwamba unene huo ni milimita 0.05, ncha moja inabeba takriban miligramu moja. Tofauti ni kubwa mno. Ncha 40 za kola zikishirikiana kikamilifu hazifikii hata theluthi moja ya kile ambacho sentimita moja ya unyuzi uliolala inaweza kubeba. Ndiyo maana inzi wa kola akichokozwa kidogo hupasua utando na kuzama hatua kwa hatua, ilhali wa mwavuli hukaa. Unyoya halisi hautii hesabu hii kwa ukamilifu, kwa sababu ncha hupinda na kulala kiasi, lakini mwelekeo ulikuwa wazi: anayetaka inzi aelee kwa uhakika asiongeze mizunguko ya unyoya, bali alaze nyuzinyuzi.

Kutoka hapo nikaingia kwenye suala la kimo. Nilitaka inzi wa kola washuke hadi mwili uguse utando, kwa hiyo nikachukua mkasi na kukata nyuzinyuzi zote za chini kwa mstari mmoja ulionyooka, sawa na mwili. Inzi watatu wa kwanza walitua vizuri, wakashuka kama nilivyotaka, na nikafurahi mapema. Katika mfululizo mrefu wa kuangusha wakaanza kubingirika, kwa sababu nilikuwa nimeondoa zile nyuzinyuzi za pembeni ambazo ndizo zilizokuwa zikizuia kugeuka. Nilipojaribu kusawazisha kwa kukata zaidi nikawaharibu kabisa. Nyuzi haziwezi kurudishwa, na jioni hiyo ilinigharimu inzi watano.

Njia niliyoishia nayo ni hii. Ninamkaza inzi kwenye jiriwa jicho la ndoano likinielekea, ninakata kipande chembamba katikati tu ya upande wa chini ili pengo liwe kama herufi V iliyopinduliwa, kisha ninampima majini kabla ya kukata tena. Nyuzinyuzi za kulia na kushoto zinabaki ndefu na kulala juu ya maji, mwili unashuka katikati yao, na inzi habingiriki. Pengo la pembe ya digrii 60 lilitosha kwa karibu wote. Inzi mmoja kati ya watano bado anaegemea kushoto kwa sababu nilimfunga bawa lisilo na uzito sawa. Huyo nimemwacha kama alivyo ili nikumbuke.

Halafu nikatazama kutoka chini, na hapa ndipo jioni ilipokuwa ndefu. Mwanga unaotoka hewani unapinda unapoingia majini, hivyo trauti anaona ulimwengu wote wa juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, duara ambalo pembe yake ni takriban nyuzi 97 na upana wake ni karibu mara 2.26 ya kina alichopo. Samaki aliye sentimita 30 chini ya uso ana dirisha la upana wa sentimita 68 hivi. Nje ya dirisha hilo uso wa maji ni kioo kinachoakisi mto wenyewe, na kitu kilicho juu ya maji hakionekani hapo. Kinachoonekana ni kile tu kinachougusa au kuupenya utando. Unaweza kukiona kioo hicho ukichungulia kwa kutazama juu kupitia ubavu wa tangi.

Inzi wa kola asiyekatwa, katika eneo la kioo, alikuwa duara la vidoa vya mwanga, kama nyota zilizopangwa, bila mwili wowote. Aliyekatwa kwa V alikuwa na mstari mzito wa mwili katikati na vidoa vichache pembeni. Wa mwavuli alikuwa na mwili wote pamoja na miale ya nyuzinyuzi kila upande. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba trauti anapoamua kupanda, kwa sehemu kubwa anaamua kwa alama hizi kabla bawa halijaingia kwenye dirisha lake. Mdudu aliyekwisha kutoka kwenye ngozi yake na kusimama kwa miguu sita huacha vidoa. Mdudu ambaye bado anajinasua huacha mwili mzima. Inzi wangu warefu walikuwa wakisema jambo moja wakati mto ukisema jingine.

21 Machi: Mafuta, unga, na manyoya ya bata niliyoyaharibu

Wiki hii ilihusu vizuia maji, na makosa yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea.

Kosa la kwanza lilikuwa kumpaka jeli inzi aliyelowa. Jeli haiondoi maji, inayafungia ndani. Inzi aliyepakwa akiwa mkavu alielea dakika 20 bila mabadiliko, na wa aina hiyohiyo aliyepakwa akiwa na unyevu alizama ndani ya dakika tatu, tena hakukauka vizuri hata alipopepewa. Tangu sasa jeli ni ya nyumbani, usiku kabla ya kwenda mtoni, kwa inzi mkavu kabisa.

La pili lilikuwa wingi. Tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti huzigandisha nyuzinyuzi kwa makundi, na kila kundi huwa unyuzi mmoja mnene badala ya kumi nyembamba. Kipimo ninachokitumia ni cha kuonekana: ninasugua jeli kwa vidole mpaka iyeyuke na kuwa kama maji, ninagusa nyuzinyuzi tu, na nikiona mng'ao wowote kwenye unyoya najua nimezidisha, hivyo ninaufuta kwa karatasi.

La tatu liliniuma. Niliwapaka jeli inzi watano wa CDC kama wengine, na wote wakageuka kuwa nyuzi zilizolowa, bila ule wepesi wa pamba waliokuwa nao. Manyoya hayo yana nyuzi ndogo zilizojipinda pande zote, na ndizo zinazonasa viputo vya hewa. Jeli ilizilaza na hewa ikatoka. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba yanaelea kwa sababu ya mafuta ya tezi la bata, kwa hiyo nikafanya jaribio moja la ziada: nikaosha unyoya mmoja kwa sabuni, nikausuuza kwa muda mrefu, nikaukausha kwa siku mbili, na bado ulielea karibu sawa na usiooshwa. Umbo lina kazi kubwa kuliko mafuta. CDC apewe unga mkavu wa silika uliotengenezwa usishike maji, apigwepigwe kwa brashi ndogo mpaka awe na rangi ya vumbi, kisha vumbi la ziada lipulizwe. Wale watano niliwaokoa wawili kwa kuwasafisha kwa kiyeyusho na kuwakausha juu ya mvuke wa birika, ambao hufungua nyuzi tena. Mvuke huo unafaa pia kwa kola zilizopinda kisandukuni.

Jambo la mwisho la wiki ndilo lililokuwa na maana kuliko yote kwa lengo langu. Nilianza kupaka sehemu tu. Inzi wa mwavuli akipakwa mlingoti na nyuzinyuzi lakini mwili ukaachwa bila kitu, mwili unalowa baada ya dakika moja na kushuka ndani ya utando, huku mlingoti ukibaki juu na kuonekana kwangu. Akipakwa wote, anakaa juu yake. Inzi mmoja, vimo viwili, bila kukata chochote. Hili ningelitaka nilijue kabla ya kuharibu inzi watano kwa mkasi.

29 Machi: Siku ya kwanza mtoni

Tangi halina mkondo, na mkondo ulifuta nusu ya imani zangu. Inzi wa kola aliyeelea dakika 20 nyumbani alizama baada ya mita nne, si kwa sababu ya kulowa, bali kwa sababu mshipi ulivutwa na maji ya kasi yaliyokuwa kati yangu na maji ya taratibu, ukamkokota. Mvuto mdogo usioonekana kwa macho unatosha kupasua utando chini ya ncha. Nilirekebisha kwa kusogea hatua tatu na kutua mshipi ukiwa na mikunjo ya kutosha, na inzi yuleyule akaelea mita tisa. Kabla ya kumlaumu inzi, mtu atazame mshipi.

Saa za asubuhi samaki walikuwa wakionyesha pua, na viputo vikabaki juu ya maji baada ya kila mmezo, dalili ya kwamba walichukua wadudu waliosimama juu. Kola isiyokatwa ilifanya kazi bila tatizo: samaki watatu kwa inzi mmoja. Kuelekea mchana umbo la mipasuko ambayo samaki huiacha juu ya maji wakila likabadilika. Pua hazikuonekana tena, bali mgongo na ncha ya mkia, na viputo vikatoweka. Trauti anayeonyesha mgongo bila pua anakula ndani ya utando au chini yake kidogo. Kola ile ile ikakataliwa mara sita mfululizo, mara mbili na samaki aliyeigusa kwa pua akageuka. Nikafunga yule wa mwavuli aliyepakwa mlingoti tu, na samaki wa pili aliyemwona akammeza. Nilipata wanne kabla ya kumpoteza kwenye tawi.

Baada ya kila samaki, utelezi wa kinywa chake humzuia inzi kuelea, na kumpaka chochote juu ya utelezi huo ni kazi bure. Mpangilio uliokubali ni kumsuuza majini kwa nguvu, kumkamua kwenye kitambaa kinachonyonya, kumtikisa ndani ya unga wa silika, kumpuliza, kisha kumrusha hewani mara mbili tatu bila kutua. Kuna wavuvi wanaotumia kipande kikavu cha uyoga wa miti uitwao Fomes fomentarius badala ya kitambaa. Nimeujaribu, na unakamua maji ya CDC kwa ustadi ambao kitambaa changu hakiufikii.

Hasara ya siku: inzi wanne, wawili kwa matawi na wawili kwa fundo langu baya.

6 Aprili: Kipande cha mwisho cha mshipi

Kwa siku mbili nilisumbuliwa na inzi wa mwavuli waliotua vizuri kisha wakainamisha kichwa. Niliongeza unga, nikabadilisha mlingoti, nikapunguza mwili, bila faida. Sababu ilikuwa kwamba nilikuwa nimebadilisha kipande cha mwisho cha mshipi kutoka nailoni hadi fluorokaboni. Msongamano wa nailoni ni takriban 1.14 ukilinganisha na maji, wa fluorokaboni ni karibu 1.78, hivyo kipande hicho kilikuwa kikizama na kumvuta inzi kwa jicho la ndoano kama chubwi ndogo. Nilirudi kwenye nailoni, na vichwa vikainuka.

Nailoni nayo ina kasoro yake, kwa sababu ikielea juu ya maji tulivu hukunja utando na kuacha mstari wa mwanga na kivuli chake kwenye sakafu ya mto. Nataka sentimita 30 za mwisho zipenye utando huku inzi akibaki juu. Nilichanganya udongo laini unaonyonya mafuta, gliserini na matone machache ya sabuni, nikasugua sehemu hiyo, na ikazama kama nilivyokusudia. Kisha, kwa vidole vilevile, nikamfunga inzi. Alizama mara ya kwanza alipogusa maji, na sikuwa na haja ya kujiuliza kwa nini. Sindano ya tangi ilikuwa imenifundisha tayari, ila sikuwa nimeupeleka ujuzi huo mtoni. Utaratibu sasa ni kufunga inzi kwanza, kusugua mshipi baadaye kwa kitambaa kilichotengwa kwa kazi hiyo, na kuacha sentimita tano karibu na jicho bila kuguswa.

13 Aprili: Mwili unaoning'inia, na hesabu ya hadi sasa

Hatua ya sasa inafuata wazo la Hans van Klinken, mfungaji wa Uholanzi ambaye katika miaka ya 1980 aliufanya mwili wa inzi ushuke chini ya utando kwa ndoano iliyopinda, huku mwavuli wa unyoya ukimshikilia kama mtu aliyeshika ukingo wa mashua. Inzi wa namna hii ndiye anayejibu swali langu kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu kuelea na kuzama vimegawanywa ndani ya inzi mmoja kwa makusudi.

Wa kwanza watatu walilala juu ya maji kama inzi wa kawaida. Nilikuwa nimefunga mwili kwa manyoya laini ya sungura, mengi na yenye hewa, hivyo mwili nao ulielea. Wa nne nilimfunga mwili mwembamba wa uzi mtupu, na akashuka papo hapo kwa pembe nzuri, lakini mizunguko mitatu ya unyoya haikutosha kumbeba katika maji yenye mawimbi. Wa tano ana mizunguko mitano, mlingoti uliosogezwa mbele kidogo ya katikati, na mwili wa uzi uliofunikwa kwa safu moja tu ya manyoya. Huyu ndiye ninayemfunga sasa. Mwili wake haupakwi kitu; kabla ya kurushwa mara ya kwanza ninaulowesha kwa maji ya mto kwa vidole, kwa sababu mwili mkavu hubaki juu kwa mirusho mitatu au minne ya mwanzo, na mara nyingi hiyo ndiyo mirusho ambayo samaki bado hajashtuka.

Hadi leo kazi imechukua jioni 14 na siku nne za mtoni. Ndoano 61 zimetumika, inzi 34 wanafaa, 16 waliharibika mezani na 11 wamepotea. Kichupa kimoja cha jeli kiliisha katika wiki mbili za kwanza. Cha pili, tangu nijifunze kipimo, hakijafika robo.

Jana jioni samaki mmoja alikuwa akila nyuma ya jiwe, mgongo tu ukionekana, akiwa amekataa kola na mwavuli uliopakwa wote. Inzi wa tano alipita mara mbili bila kuguswa. Mara ya tatu niliona mlingoti mweupe ukisimama, ukazama bila kishindo, na mshipi ukakaza. Nilipomtoa ndoano, unyoya ulikuwa mkavu na mwili umelowa. Hatua inayofuata ni mdudu aliyekufa mwenye mabawa yaliyotandazwa, ambaye anatakiwa alale ndani ya utando kwa urefu wake wote bila mlingoti wowote wa kumshikilia.